Nyoka wa Simu ya Tochi na Ukoo Wake

Kuna swali lililotushika kwa muda mrefu, nalo si swali ambalo mwalimu wa kijijini angetazamiwa kulishughulikia. Vijana wetu huulizana kama michezo ya video ya zamani, yaani ile iliyochezwa wakati wao walipokuwa wachanga, au hata kabla hawajazaliwa, inakufa, ama inageuka tu na kuvaa nguo mpya. Mtu mzima akilisikia swali hili huweza kucheka na kusema, "Na ife, imemfaa nani?" Nasi zamani tulisema vivyo hivyo. Lakini jambo moja lilitokea nyumbani mwetu, nasi tutalieleza mbele, ambalo lilitufanya tuache kucheka tukaanza kusoma na kuuliza. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji yale tuliyoyaona, maana ni nyumba chache sana vijijini mwetu ambazo mchezo mmoja wa namna hii haukupata kuingia.

Mchezo huo ni nyoka wa simu. Nani asiyemkumbuka? Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ya Finland ilitoa simu ndogo iliyoitwa Nokia 1100, yenye taa kichwani, nasi tukaiita simu ya tochi. Simu za namna hiyo ziliuzwa ulimwenguni zaidi ya milioni 250, na nyingine zilifika mpaka kwetu, zikawamulikia watu njia ya kisimani na mazizi ya ng'ombe usiku. Ndani yake alikuwamo nyoka. Alitambaa kiooni pasipo kupumzika, naye mchezaji kazi yake ni kumgeuza huku na huku kwa vidole ili ale chakula, na kila akila huongezeka urefu, hata mwisho mwili wake mwenyewe humzingira, akajiuma akafa. Hapana hadithi, hapana rangi, hapana muziki wa maana. Hata hivyo twawajua wazee waliokataa kwenda kulala kwa ajili yake.

Mmoja wao ni kaka yetu marehemu. Aliinunua simu yake mwaka 2006 baada ya kuuza mahindi, na kila jioni, akiisha kula, hukaa kigodani nje ya mlango, nasi na watoto tukamzunguka nyuma ya mabega tukitazama. Siku moja alipata alama 1,412. Simu ikaiandika hesabu hiyo mahali pa alama kubwa kuliko zote, wala hapana mtu nyumbani aliyeifikia tena, ingawa tulijaribu sote, na sisi waalimu tukiwa wa kwanza kushindwa. Kaka alifariki mwaka 2015. Simu yake shemeji yetu aliifunga kwa kitambaa akaiweka katika kikapu pamoja na miwani yake.

Basi, mwanawe huyu kaka, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mtoto, alikuja kwetu wakati wa likizo, na baada ya chakula mazungumzo yakaangukia michezo. Mwalimu mwenzetu afundishaye hesabu alikuwapo, akasema kwamba michezo ya kale imekwisha kufa kama ngoma za kale, na anayeitaka na aitafute makaburini. Kijana akakataa. Akasema, "Sivyo, Mwalimu. Na wewe, baba mdogo, usikubali maneno hayo. Mchezo haufi. Hugeuka." Akatoa simu yake akatuonyesha nyoka wengi wa rangi rangi wakitambaa katika uwanja mmoja, kila nyoka akiongozwa na mtu wa nchi nyingine kwa njia ya intaneti, wakitegeana na kulana. Mchezo huo huitwa Slither.io, nao ulitoka mwaka 2016. Akasema, "Huyu ndiye nyoka wa baba. Amekua tu."

Maneno haya yalitukaa moyoni, tukataka kujua kama ni kweli. Na jambo la kwanza tulilolikuta likatushangaza, kwamba nyoka wa simu ya tochi, ambaye sisi tulimdhani ndiye babu wa wote, alikuwa mwenyewe mjukuu. Nokia walianza kumtia katika simu yao ya 6110 mwaka 1997, na fundi aliyemtengeneza ni Mfini aitwaye Taneli Armanto. Lakini yeye hakuubuni mchezo wenyewe. Huko Marekani mwaka 1976 kampuni ya Gremlin ilikuwa imekwisha kutoa mchezo ulioitwa Blockade, wa kuchezwa katika makabati makubwa ya kutumbukizwa sarafu. Humo watu wawili hutembea, kila mmoja akiacha ukuta nyuma yake, na atakayegonga ukuta kwanza ameshindwa. Yaani wachezaji wengi walikuwapo tangu mwanzo. Mchezo ulipoingia katika simu ndipo ulipobakiwa na mtu mmoja peke yake, na ulipofika katika intaneti ukawarudia wengi. Kwa hiyo kijana wetu aliposema kwamba nyoka amekua, twaweza kumjibu kwamba amerudi kwao.

Lakini nyoka ni mchezo mdogo, wala mtu hawezi kuamua habari za ukoo mzima kwa kumtazama mtoto mmoja. Tukasoma habari za aina nyingine mbili, ambazo watu walizilia matanga waziwazi, na habari zake ni ndefu kidogo.

Ya kwanza ni michezo ya safari na mafumbo. Chanzo chake ni pango. Palikuwa na Mmarekani, jina lake Will Crowther, fundi wa programu za kompyuta, aliyependa sana kuingia chini ya ardhi pamoja na mkewe katika Mammoth Cave, pango kubwa mno la jimbo la Kentucky. Baadaye akaachana na mkewe. Naye, akitaka kuwa na jambo la kuwafurahisha binti zake wawili, akatunga katika kompyuta pango la maneno matupu, kama mwaka 1976. Twasema la maneno matupu kwa sababu hapakuwa na picha hata moja. Kompyuta huandika: umesimama mahali fulani, mbele yako kuna hiki na kile. Mchezaji naye huandika ajibu, kwa mfano nenda kaskazini, au chukua taa. Mwaka 1977 mtu mwingine, Don Woods, aliyekuwa Stanford, akaukuta mchezo ule akauongeza hazina na vitisho, nao ukaenea kutoka kompyuta hata kompyuta. Hapana budi tukiri kwamba sisi waalimu tulipoisoma habari hii tulihuzunika kidogo. Mchezo ambao mtu hawezi kuucheza pasipo kusoma na kuandika, ulikuja ukapita, wala haukugusa darasa letu hata moja!

Palitokea kampuni iliyoitwa Infocom, ikauza michezo ya maneno kama watu wauzavyo vitabu. Mafumbo yake yalikuwa magumu, hata mtu huweza kukaa mbele ya mlango mmoja uliofungwa wiki nzima. Sasa wasomaji wanajua desturi yetu ya vitendawili, ya kwamba aliyeshindwa hutoa mji, ndipo akapewa jibu. Infocom nao walikuwa na mji wao, tena uliolipiwa fedha. Waliuza vijitabu vya majibu vilivyochapwa kwa wino usioonekana, na mchezaji aliyeshindwa hupaka kalamu ya namna yake juu ya mstari mmoja, jibu likatokea kidogo kidogo, ili asione zaidi ya analolihitaji. Lakini mwaka 1986 Infocom ilinunuliwa na kampuni nyingine, na mwaka 1989 ikafungwa. Watu wakasema kwamba mchezo wa maneno umekufa.

Kumbe mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, tena ndiye aliyeushinda. Mwaka 1980 Roberta Williams na mumewe Ken walitoa mchezo wa mafumbo wenye picha za mistari, Mystery House, na mwaka 1984 wakatoa King's Quest, ambamo mtu mdogo huonekana akitembea katikati ya miti na nyumba. Mwaka 1987 ukatoka Maniac Mansion, ambao ulimpunguzia mchezaji kazi ya kuandika, maana vitendo viliandikwa tayari chini ya kioo, fungua, chukua, sukuma, naye huvigusa tu kwa mshale. Ron Gilbert, mmoja wa walioutunga, akaongoza kazi ya The Secret of Monkey Island mwaka 1990, mchezo wa maharamia wenye mzaha mwingi. Kisha mwaka 1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, wakatoa Myst, kisiwa kitupu kilichojaa mitambo na vitabu, nao ukauzwa kupita michezo yote ya kompyuta za nyumbani, wala haukupitwa mpaka mwaka 2002.

Nani angedhani kwamba ukoo wenye mali kiasi hicho utapata njaa? Lakini ulipata. Mwaka 1998 Tim Schafer alitoa Grim Fandango, mchezo wa safari ya wafu, nao ukasifiwa sana na waamuzi, lakini wanunuzi hawakuja wa kutosha. Baada ya hapo makampuni makubwa yakaacha kutengeneza michezo hiyo. Watu hutaja sababu nyingi. Wengine husema kwamba macho ya vijana yalivutwa na michezo ya bunduki na picha za kuzunguka pande zote, na hilo ni kweli. Kwa maoni yetu kuna sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni intaneti yenyewe. Zamani fumbo lilikaa na mtu, akaenda nalo kazini akarudi nalo. Intaneti ilipoenea, jibu lilipatikana kwa dakika moja pasipo kutoa mji wo wote. Na kitendawili ambacho jibu lake limebandikwa mlangoni, nani atakikalia wiki nzima?

Msiba ule ulidumu miaka kama kumi na minne. Mwaka 2012 Tim Schafer na wenzake, wakiona kwamba hapana kampuni itakayowapa fedha, wakaenda kwa watu wenyewe kwa njia ya intaneti wakaomba dola 400,000 za kutengeneza mchezo wa namna ya kale. Watu zaidi ya 87,000 wakachanga zaidi ya dola milioni 3.3. Tufikiri kidogo habari hii. Wafanya biashara walikuwa wamesema kwamba hapana autakaye mchezo huo, na kumbe waliotaka walikuwapo, ila walikuwa hawakuulizwa.

Tena mwaka ule ule wa 2012 ulitoka mchezo mwingine, The Walking Dead wa kampuni ya Telltale, ambao wengi huuhesabu kuwa mrithi wa ukoo huu. Humo mafumbo ni haba. Mchezaji huongozwa katika hadithi ya huzuni, na kila mara huulizwa atasema nini, au atamwokoa nani amwache nani. Ni kazi njema, wala hatuidharau. Lakini hapa twahitilafiana na kijana wetu. Yeye alisema kwamba huko ndiko kugeuka. Sisi twaona kwamba fumbo ndilo lililokuwa mfupa wa michezo hii tangu pango la Crowther, na mnyama akiisha kutolewa mifupa, ngozi yake ikashonwa ngoma, ngoma yaweza kulia vizuri sana, lakini haiitwi tena mbuzi. Kampuni yenyewe ilifungwa mwaka 2018. Watu wa mafumbo hawakukoma. Ron Gilbert alirudi mwaka 2022 na Return to Monkey Island, na mwaka 2023 Ken na Roberta Williams, wakiwa wazee sasa, walilitoa upya lile pango la kwanza kwa picha za kisasa. Na mchezo wa maneno matupu, uliozikwa mwaka 1989? Kila mwaka tangu 1995 kuna mashindano ya watungaji wake, na wengi wao huzitoa kazi zao bure. Hawapati utajiri. Lakini wapo.

Aina ya pili ni michezo ya vita, ambamo mtu hujenga kijiji, hukata miti na kuchimba madini, kisha hutoa askari akawapeleka kupigana, na adui yake hufanya vivyo hivyo wakati ule ule. Hapana kungojeana zamu kama katika bao au drafti. Aliyelala ameliwa. Mchezo uliofungua njia ni Dune II wa mwaka 1992, uliotungwa na kampuni ya Westwood. Ukafuatwa na Warcraft mwaka 1994, Command & Conquer mwaka 1995, Age of Empires mwaka 1997, na StarCraft mwaka 1998. Huo wa mwisho uliwashika watu wa Korea ya Kusini hata ukaonyeshwa katika televisheni kama mpira, na vijana wakaufanya kazi ya kuwapa mshahara.

Kisha ukoo huu nao ukapungua. Westwood ikafungwa mwaka 2003, na kampuni iliyotunga Age of Empires ikafungwa mwaka 2009. Michezo hii hutaka kipanya na vidole vyepesi, nayo haikukaa vizuri katika mashine za kuchezea mbele ya televisheni. Lakini kisa chenyewe ni cha ajabu zaidi ya hapo. Waliotengeneza Warcraft III, mwaka 2002, waliweka ndani yake chombo cha kuwawezesha wachezaji kujitungia viwanja vyao. Mwaka 2003 mchezaji mmoja akatunga uwanja ulioitwa DotA, na wengine wakaupokea wakautengeneza zaidi mwaka baada ya mwaka. Humo mchezaji hajengi kitu wala haongozi jeshi. Huongoza shujaa mmoja tu, watano kwa watano, na askari wadogo hujiendea wenyewe. Uwanja huu wa bure ukawa maarufu mno. Mwaka 2009 ukatoka League of Legends, ulioshika njia hiyo hiyo, na mwaka 2013 Dota 2. Mwaka 2021 mashindano makuu ya Dota 2 yalikuwa na zawadi ya dola milioni 40.

Hapo mtu atasema nini? Kama twasema kwamba mchezo wa vita uligeuka, ni kweli, maana mjukuu huyu ana pua ya babu yake. Na kama twasema kwamba uliuawa, hatukosi sana, kwa kuwa mjukuu alikuja akala katika sahani ya mzee, vijana wakaenda naye. Lakini mzee mwenyewe hakuondoka barazani. Age of Empires II ya mwaka 1999 ilitengenezwa upya mwaka 2019, nayo huchezwa na kuongezewa mataifa mapya hata sasa. Mwaka 2015 ilikuwa imetiwa milki za Afrika, Wahabeshi na watu wa Mali miongoni mwao. Kijana wetu alipokuwa chuoni aliucheza pamoja na wenzake wa chumba kimoja, juu ya kompyuta kuukuu ambayo isingeweza kuendesha mchezo mpya hata mmoja. Labda hii nayo ni sababu ya mambo ya kale kuishi, ya kwamba masikini huyaweza.

Kuna aina nyingine ambazo hatutazieleza kwa urefu. Mchezo wa Rogue, wa mwaka 1980 hivi, uliotungwa na wanafunzi wa California, ambao kila ukianza shimo hupangwa upya na mchezaji akifa hurudi mwanzo kabisa, ulikuwa mchezo wa wachache kwa miaka mingi; leo desturi yake imeingia katika michezo isiyohesabika, hata ule wa karata uitwao Balatro, wa mwaka 2024. Watoto huucheza pasipo kujua wanamlipa nani kodi.

Na kuna Tetris, ambao unatatanisha hoja za pande zote mbili. Alexey Pajitnov aliutunga Moscow mwaka 1984: vipande huanguka, nawe wavipanga kama mwashi apangavyo matofali. Haukufa. Wala hatuwezi kusema kwamba uligeuka, maana mtu aliyeucheza siku zile akiletewa leo hahitaji kufundishwa. Kuna namna yake iliyouzwa na Nintendo mwaka 1989, ambayo watu walidhani mwanadamu hawezi kuumaliza. Kisha mwezi wa Desemba mwaka 2023 mtoto wa miaka 13 wa Oklahoma akaendelea mpaka mashine yenyewe ikasimama, ikashindwa kutoa tofali jingine. Mchezo ulikuwa na umri mkubwa kuliko yeye mara mbili na zaidi.

Tulipofika hapa katika masomo yetu tulidhani kijana ameshinda na mwalimu wa hesabu ameshindwa, tukawa tayari kumwandikia hivyo. Lakini tukaona kwamba tulikuwa tumeuliza habari za ukoo tu, wala hatukuuliza habari za watu. Ukoo huishi, lakini kila mtu ndani yake hufa. Mwaka 2023 shirika moja la Marekani lihifadhilo historia ya michezo ya video lilitoa hesabu yake, kwamba katika kila michezo 100 iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010, 87 haipatikani tena sokoni. Aliye nayo ana ile ya zamani, na mashine ya zamani ya kuichezea, mpaka zitakapoharibika. Kitabu kikiachwa sandukuni miaka hamsini, mchwa wakikihurumia, husomeka. Mchezo hauko hivyo. Huhitaji mashine yake, na mashine huhitaji fundi wake, na fundi huzeeka.

Tena michezo ya siku hizi imezidi, maana mingi huendeshwa na kompyuta za kampuni zilizo mbali, na kampuni ikizizima, mchezo umekwisha hata mikononi mwa yule aliyeulipia. Mchezo wa magari uitwao The Crew ulitoka mwaka 2014, na tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft iliuzima. Walioununua wakaamka wakakuta hawana kitu. Watu wengi wa Ulaya wakakasirika, na mwaka 2025 waliotia sahihi kuomba sheria ya kuzuia jambo la namna hiyo walizidi milioni moja. Twakiri kwamba tungeisoma habari hii zamani tungesema ni watu walioshiba wanaotafuta ugomvi. Hatukusema hivyo, na sababu yake ndiyo ile tuliyoahidi kuieleza.

Mwaka 2022 kijana wetu alitaka mtoto wake aione ile alama ya babu yake. Mtoto alikuwa na miaka minne, wala hakumjua babu ila kwa picha moja. Shemeji akaitoa simu katika kikapu. Betri ilikuwa imevimba, nayo haikuwaka. Kijana akaipeleka mjini kwa fundi wa simu, na fundi, mtu mpole, akatia betri nyingine. Simu ikawaka, lakini ikadai namba ya siri, na namba hiyo kaka hakumwambia mtu. Fundi akafanya kazi yake kama ajuavyo; akafuta yote yaliyokuwamo akaitia programu upya, wala hakuuliza, kwa kuwa nani huuliza habari ya simu ya tochi? Akatoza fedha kidogo.

Jioni ile tulikusanyika nje ya mlango, pale pale. Tochi iliwaka. Nyoka alikuwamo, mzima, hana kasoro. Kijana akatafuta mahali pa alama kubwa kuliko zote, akakuta sifuri. Akabonyeza tena na tena, kana kwamba hesabu ile imejificha nyuma. Shemeji akamwuliza, "Ile namba ya baba yako iko wapi?" Naye, aliyekuwa mtetezi wa kugeuka kwa mambo yote, hakupata la kumjibu mama yake, wala sisi hatukupata. Tungalijua mapema, tungaliiandika katika karatasi. Twaikumbuka, ni kweli, 1,412. Lakini mwalimu mwenzetu hudai kwamba ilikuwa 1,421, na sasa hapana shahidi.

Mtoto alikuwa akivuta mkono wa babaye akiitaka simu. Akapewa. Akambamiza nyoka ukutani mara mbili tatu, kisha akajua namna ya kugeuza, nyoka akala, akala tena, akajiuma. Alama 27. Simu ikaiandika mahali pa juu. Kijana akanyosha mkono aifute, lakini shemeji akamzuia, akasema iachwe. Akaipokea simu, akaizima, akaifunga kwa kitambaa chake, akairudisha kikapuni pamoja na ile miwani.